Malalamiko: kompresa mpya imeungua kwa sababu mabomba hayakusafishwa

Arua, 16 Machi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Mwezi wa Januari, kiangazi kikiwa kikali, kiyoyozi cha chumba cha mama yangu kiliungua kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ya kupoza. Mama ana miaka 81 na ana presha. Joto la huku halimpi usingizi. Mliniuzia kompresa mpya, nikalipa shilingi 1,450,000 pamoja na ufundi, na risiti ninayo. Wiki tano hazikuisha, nayo imeungua.

Jibu lenu linasema ni umeme uliopanda na kushuka. Sikubali. Stabilaiza mliyoniuzia nyinyi wenyewe iko pale na inafanya kazi. Hata friji iliyochomekwa kwenye laini hiyohiyo ni nzima.

Siku ya kazi nilikaa karibu na fundi wenu tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoitoa kompresa ya zamani, mafuta yalimwagika meusi, yana harufu ya kuungua inayochoma pua. Nikamuuliza: na ndani ya mabomba je? Akanijibu, "Mzee, gesi itausukuma uchafu." Akafungulia R410A, gesi ya kupoza ya kiyoyozi hicho, ikapuliza kidogo na kupotea hewani, ingawa mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za aina hiyo. Kisha akachomea kompresa mpya na kujaza gesi. Filta ya zamani ikabaki palepale. Naitrojeni ya kukaushia mabomba sikuiona, na pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu, haikushuka kwenye gari.

Mnajua vizuri kuliko mimi kwamba mota ya kompresa ikiungua ndani ya gesi na mafuta huacha masizi na asidi, na uchafu huo husambaa kwenye mabomba hadi kwenye kapilari, kile kibomba chembamba cha gesi. Mafuta ya mashine za R410A nayo hunyonya unyevu upesi, na unyevu huzidisha asidi. Ukifunga kompresa mpya juu ya hayo, asidi inakula vanishi inayokinga nyaya zake mpaka zinagusana. Fundi wa hapa mjini alipoyapima mafuta wiki iliyopita kwa dawa ya kupimia asidi, rangi ilibadilika papo hapo. Mafuta hayo nimeyahifadhi kwenye chupa, njooni muyapime wenyewe.

Ninachodai ni kompresa nyingine bila malipo, lakini isifungwe kabla mabomba hayajasafishwa kwa dawa yake na kukaushwa kwa naitrojeni. Filta iwe mpya, mfumo upimwe uvujaji na kuvutwa vakyumu, na gesi ijazwe kwa mizani kulingana na kibao cha mashine. Fundi arudi baada ya siku chache kuyapima mafuta tena. Kama kazi hiyo hamuiwezi, nirudishieni fedha zangu zote.

Mama sasa analala sebuleni, mlango wazi, nami nakesha naye. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja wa Arua
Nimeambatisha nakala ya risiti na picha za mafuta.