Mwanangu, mbayuwayu wamejaa kwenye nyaya

Ipogolo, Iringa
Machi

Mwanangu,

Kamwene. Hapa nyumbani hatujambo. Baba yako miguu inamsumbua kwa unyevu huu, ila shamba haachi.

Juzi simu ilikatika kabla sijakujibu vizuri. Uliniuliza kama sichoki kupita njia ileile ya kando ya Ruaha Mdogo kila Jumamosi. Jibu ni refu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Leo nimetoka alfajiri, umande umelowesha khanga yangu hadi magotini. Karibu na daraja mbayuwayu wamejaa kwenye nyaya za umeme, wamebanana kama watoto kwenye benchi la kanisa. Wanajiandaa kurudi Ulaya. Walifika Oktoba manyoya yamechakaa, yakawanyonyoka na kuota mengine wakiwa huku kwetu, na sasa mikia yao imerefuka, inameta. Ndege wa gramu 20 hivi, naye anavuka Sahara! Jumamosi moja ya karibuni nitakuta nyaya tupu, na siku hiyo huwa sisemi na mtu njia nzima.

Lakini anayenitoa kitandani ni fundichuma. Unamkumbuka, yule wa rangi ya udongo mwenye kichwa kama nyundo. Ulikuwa ukimwogopa kwa sababu bibi alikataza kugusa kiota chake. Bibi alikataza vyema. Dume na jike hubeba vijiti kimoja kimoja, maelfu, wakavipanga kama bakuli kubwa, kisha wakaezeka paa nene ambalo mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Mlango wanauweka chini, ubavuni, na ndani wanakandika tope kama tulivyokandika jiko letu la kuni. Nimewaona wakimaliza kimoja na kuanza kingine jirani, na kile cha kwanza akahamia bundi.

Mwaka juzi mkuyu wenye kiota chao ulikatwa kuchomea tofali. Nilikuta kisiki bado kinatoa utomvu na vijiti vimetapakaa hadi majini. Nililia palepale. Wiki kadhaa baadaye nikawaona juu zaidi ya mto, kwenye mti ulioinamia maji, wanabeba vijiti. Mti huo sijamwonyesha mtu. Wewe nitakuonyesha.

Juni na Julai ukungu unalala juu ya mto mpaka saa tatu, kwa hiyo unatembea kwa masikio. Kwarara ndiye wa kwanza, anapiga ukelele akiruka kutoka alikolala. Huo ndio msimu wa vinyungu, vile vishamba vyetu vya bondeni kando ya mto. Unajua sheria ya mazingira ya 2004 inataka tuache mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nilinung'unika sana nilipohamisha kinyungu changu, maana udongo ule mweusi ndio uliowalisha nyinyi nyote. Sasa pale nilipokuwa napanda maharage yameota matete, na masika ndani ya matete hayo anakaa yule ndege mdogo mwekundu kama kaa la moto, ambaye kiangazi huwezi kumtofautisha na shomoro. Mnana nao wamening'iniza viota vyao juu ya maji, nyoka asifike kirahisi. Nilimwona dume mmoja akibomoa kiota alichokisuka mwenyewe, jike amekikataa, akaanza upya. Manung'uniko yangu yamekwisha.

Ikifika Oktoba maji yanashuka mpaka mawe yanatokeza. Mdiria, yule mweusi kwa mweupe, anaganda hewani akipiga mabawa, halafu anajitupa chini, na mara nyingine anatoka na samaki. Baadaye dudumizi anaanza, sauti kama maji yanayomiminwa kutoka mtungi wenye shingo nyembamba. Wazee wakimsikia wanasema mvua inakaribia, wanatafuta majembe.

Haya yote nayaandika kwenye lile daftari lako la darasa la saba lililobaki kurasa nyingi: tarehe, hali ya maji, nani kaja, nani hajaonekana.

Ukija Pasaka, njoo na viatu vya kufunga, njia inateleza. Darubini ya baba yako jicho moja limeingia ukungu. Tutapokezana lile zima. Tutoke saa kumi na mbili kasoro, kabla ng'ombe hawajashushwa kunywa maji.

Mama yako