Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: maji ya moto na chupa ya mtoto

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa na chupa mbili mezani. Zote ni za plastiki, na zote nilizinunua siku moja, mapacha wangu walipokuwa na wiki tatu na maziwa yangu yakawa hayawatoshi. Zilikuwa angavu kama kioo. Leo, miezi saba baadaye, ukiziinua kwenye mwanga unaona zimeingia ukungu, na ukipitisha kidole ndani unahisi mikwaruzo ya brashi. Chini ya kila moja kuna alama ya pembetatu yenye namba 5 na herufi PP. Kwa muda wote huo sikujua maana yake, wala hakuna aliyenieleza kwamba plastiki hiyo hubanduka chembechembe ikikutana na maji ya moto.

Kliniki niliyokuwa nikihudhuria, muuguzi alinifundisha kwa upole na subira: chemsha maji, yaache kidogo yaache kutokota, mimina kwenye chupa, tia unga wa maziwa kwa kijiko chake, funga, tikisa kwa nguvu mpaka mabonge yaishe. Ukutani palikuwa na bango lenye mchoro wa mambo hayohayo, mvuke ukipaa kutoka mdomoni mwa chupa. Nilifuata kila hatua, usiku na mchana. Simlaumu muuguzi yule, alifundisha alichofundishwa. Ndiyo maana barua hii siipeleki kwake, naileta kwako.

PP ni polipropilini, plastiki ambayo chupa nyingi za watoto duniani hutengenezwa kwayo. Mwaka 2020, watafiti wa Trinity College Dublin nchini Ayalandi walichukua chupa za aina hiyo, wakafuata utaratibu wa kawaida wa kuandaa maziwa, kuanzia kuzichemsha hadi kuzitikisa, kisha wakahesabu chembechembe zilizobanduka na kuingia majini. Hizo ndizo maikroplastiki, vipande vya plastiki visivyofika milimita 5, vingi vikiwa vidogo hata jicho halivioni. Kwa utaratibu huo, wenye maji ya nyuzi 70, baadhi ya chupa zilitoa hadi chembe milioni 16 kwa lita. Lakini kilichoninyima usingizi ni habari ya joto. Maji ya nyuzi 25 yalibandua chembe kama 600,000 kwa lita. Yalipopandishwa hadi nyuzi 95, zikafika milioni 55. Kilichoongezeka hapo ni moto tu.

Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu yupo mzazi atakayesoma barua hii na kukimbilia maji ya baridi. Asithubutu. Unga wa maziwa ya kopo unaweza kubeba bakteria kama Cronobacter na Salmonella, ambao huweza kumuua mtoto mchanga, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji ya kuchanganyia yasipungue nyuzi 70. Maji ya moto lazima yabaki. Kinachopaswa kubadilika ni chombo yanamomiminwa.

Na kubadilisha chombo si kazi ngumu, Mheshimiwa. Nachemsha maji kwenye birika la chuma. Nina jagi la kioo na kijiko kirefu cha chuma, navyo navichemsha kama ninavyochemsha chupa. Maji yakiwa bado ya moto nayamimina kwenye jagi, natia unga, nakoroga. Kukoroga kunachukua muda zaidi kidogo kuliko kutikisa, mabonge mengine yanang'ang'ania pembeni, lakini yanaisha. Kisha naliweka jagi kwenye bakuli la maji ya baridi, naligeuzageuza hadi tone la maziwa kwenye kifundo cha mkono lisiunguze. Hapo ndipo maziwa yanaingia kwenye chupa, tena chupa ambayo baada ya kuchemshwa nimeisuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Maelekezo haya sikuyabuni mimi. Watafiti walewale wa Dublin ndio waliowashauri wazazi hivyo. Miaka inapita, na kwenye bango la kliniki hayapo.

Utaniuliza chembe hizo zina madhara gani hasa. Ni swali la haki, na jibu lake halijakamilika. Mwaka 2022 wanasayansi wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 wenye afya njema, wakakuta plastiki kwa 17. Nchini Italia, chembe zilikwisha kukutwa kwenye kondo la nyuma la wanawake waliojifungua. Mwaka 2024, madaktari wa Italia pia walichapisha matokeo ya wagonjwa 257 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya shingo. Kwa wagonjwa 150, mafuta hayo yalikuwa na plastiki ndani yake. Katika miaka karibu mitatu ya kuwafuatilia, hatari ya hao kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, au kufariki, ilikuwa mara nne na nusu ya wenzao. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba plastiki ndiyo chanzo, na madaktari wenyewe walilisema hilo. Ila mimi nina watoto wawili ambao karibu kila walichokula katika miezi yao ya mwanzo kilipita kwenye chupa hizi. Siwezi kukaa nikisubiri wakue ndipo jibu litoke, ilhali jagi la kioo lipo kabatini.

Kuna usemi umeenea kwamba kila mtu humeza gramu 5 za plastiki kwa wiki, uzito wa kadi ya benki. Naisihi wizara yako isiutumie. Hesabu zilizofuata zimeonyesha kiasi hicho kimetiwa chumvi mno, na mama akigundua amedanganywa kuhusu kadi ya benki, hatakusikiliza ukimwambia kuhusu chupa.

Kanuni ya chupa ndiyo kanuni ya jikoni kote. Chakula cha moto kisiwekwe kwenye bakuli la plastiki, na maikrowevu itumike kwa kioo au kauri, hata kama bakuli limeandikwa kwamba linafaa. Maandishi hayo yanakwambia halitayeyuka wala kupinda, hayakwambii halitabandua kitu. Chombo cha plastiki kilichokwaruzika au kuingia ukungu kisipewe kazi ya kubeba chakula tena. Maji ya chupa za plastiki nayo si kimbilio: mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani walikuta wastani wa chembe 240,000 kwa lita, nyingi zikiwa ndogo kuliko maikroplastiki zenyewe. Na vumbi la ndani, ambalo hubeba nyuzi za poliesta kutoka kwenye nguo, mazulia na makochi, ni afadhali lifutwe kwa kitambaa kibichi kuliko kufagiwa likapaa, hasa palipo na mtoto anayetambaa.

Najua sheria huchukua muda. Marekani ilipiga marufuku chembe za plastiki kwenye sabuni za kusugulia uso na dawa za meno kwa sheria ya mwaka 2015, jimbo la California likaagiza mwaka 2018 maji ya kunywa yapimwe, na Umoja wa Ulaya ukaweka masharti yake mwaka 2023. Mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki yalikwama Geneva mwezi Agosti 2025. Hayo yaendelee. Ninachokuomba mimi hakihitaji bunge wala mkataba.

Mabango ya kliniki za mama na mtoto yachorwe upya, maji ya moto yaonekane yakiingia kwenye chombo cha kioo au chuma. Wauguzi wafundishwe hatua hiyo pamoja na sababu yake, na mkazo wa nyuzi 70 usipungue hata kidogo. Wodi za watoto zinapobadilisha vyombo vilivyochakaa, vipya vya kuandalia maziwa na kuhudumia chakula cha moto visiwe vya plastiki. Na makopo ya maziwa ya unga, ambayo tayari yanabeba maelekezo unayoyasimamia, yaongezewe sentensi moja juu ya hatua hiyo. Yapo majumba ambamo kopo ndilo karatasi pekee inayosomwa juu ya jambo hili, kwa kuwa mama hana nafasi ya kurudi kliniki kuuliza.

Ukipenda kuona kwa macho yako, nitakuja wizarani na birika langu, jagi na kijiko, niandae chupa moja mbele ya maofisa wako. Maji yakishachemka, kazi yote ni dakika kumi, pamoja na kupoza.

Ni mimi,
Mama wa mapacha