Msiwahukumu waliofukiwa na tope

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linaniuma na kila msimu wa mvua naona linajirudia. Likitokea janga tu, hata miili haijamaliza kuopolewa, tayari kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka klipu ya mtu kashika maiki anasema hii ni adhabu, Mungu kachoshwa na uzinzi na pombe na ushirikina wa watu wa pale, na huku nyuma watu wanaitikia amina.

Nichukue Hanang', mkoani Manyara. Desemba 3 mwaka 2023, Jumapili asubuhi na mapema, tope lilishuka kutoka mlimani likabeba mawe na magogo likapita Gendabi mpaka Katesh mjini, likaingia kwenye nyumba na maduka, watu zaidi ya 80 wakafa. Jirani yangu hapa Singida ana asili ya kule na alizika ndugu zake. Klipu ya namna hiyo ilimfikia bado kajifunga kanga ya msiba kiunoni, akanipa simu nisikilize na mimi, halafu akaniuliza, dada, hivi mtoto wa miaka miwili alizini na nani? Mimi ni Mkristo, naenda ibada kila wiki, na sikuwa na cha kumjibu. Nimelifikiria sana hilo swali tangu siku ile ndo maana naandika.

Wanaohubiri hivi wanapenda kutaja Sodoma na gharika. Sawa, lakini someni vizuri. Nuhu alijenga safina kabla ya mvua, na Lutu alitolewa mjini kabla ya moto. Wa leo anakuja tope likishakauka ndo anatuambia Mungu alikuwa na hasira, sasa huo ni unabii gani? Na kuna Luka 13, Yesu mwenyewe anawataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, anauliza mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu sivyo. Najua mtaniambia mbele yake kasema msipotubu mtaangamia, ni kweli kasema, ila alikuwa anawaambia wazima waliosimama mbele yake, wote, marehemu hakuwahukumu. Ndugu zetu Waislamu nao wananieleza kwamba siku Mtume alipofiwa na mwanae Ibrahim jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo kile, na yeye akiwa kwenye uchungu wake mwenyewe akawakatalia, akasema jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Tena kwao anayekufa maji au kuangukiwa na jengo anahesabiwa shahidi. Sasa shehe anayesema walioangamia na mafuriko wamelaaniwa anaitoa wapi hiyo?

Kuhusu Hanang' serikali ilipeleka wataalamu wa miamba, wakaeleza kwamba haikuwa volkano, ni sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikalemewa ikakatika, na maji na tope vikafuata njia ya mto kushuka walipo watu. Mwaka ule ulikuwa wa El Niño na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilishasema miezi kabla kwamba vuli itakuwa na mvua nyingi. Dar nako ni hivyohivyo, Jangwani inajaa maji miaka nenda rudi kwa sababu ni bonde la Msimbazi, maji yanaenda kwenye bonde, hayaulizi nani kasali na nani hajasali.

Na si kwetu tu. Januari 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, watu zaidi ya laki moja wakafa, na kesho yake tu mhubiri wa Marekani Pat Robertson akasema kwenye televisheni kwamba Wahaiti waliwahi kufanya agano na shetani. Mwezi uliofuata Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, yaani nguvu yake ni kama mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa kama mia tano na kitu. Je Wachile walikuwa watakatifu? Hapana, Chile walishaumizwa na matetemeko zamani wakatunga sheria za ujenzi na wakazisimamia, Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, nyumba za zege bovu ziliwaangukia watu wakiwa majumbani, mashuleni na maofisini. Hapo ndo ubaya wa haya mahubiri ulipo kwangu mimi, ukishasema ni adhabu basi hakuna tena wa kuuliza nani aliruhusu watu wajenge pale, mlima nani anaukagua, tahadhari ilimfikia nani na iliishia mezani kwa nani. Wakubwa wanapumua, mfiwa ndo anabaki na aibu juu ya msiba.

Sisemi msihubiri toba, hubirini, sote tunaihitaji. Ila wachungaji, mapadri, mashehe, nawaomba kitu kimoja kwa heshima. Nyie mna spika zinazofika hadi bondeni ambako gazeti hili halifiki, na mna watu wanaowaamini kuliko wanavyomwamini ofisa yeyote. TMA ikitoa utabiri wa msimu usomeni kanisani pale mnaposoma matangazo ya ndoa, usomeni msikitini baada ya swala ya Ijumaa, mtaje na mitaa yenyewe, wa kando ya mto wahamie kwa ndugu mapema. Na likitokea la kutokea nendeni na maturubai na unga, kaeni na wafiwa, muwaache wazike watu wao.

Msomaji wenu,
Singida