Kabla hujalipa kadi ya gemu, tuambie akaunti yako ni ya wapi

Ukituandikia WhatsApp "nataka kadi ya World of Warcraft, shilingi ngapi?", hatutakutajia bei kwanza. Tutakuuliza: akaunti yako ya Ulaya au ya Marekani? Wapo wanaokasirika. Wanaona tunawazungusha, au mzigo umetuishia na tunatafuta pa kupitia. Sivyo. Swali hilo ndilo linalomtenga mteja anayeingia kucheza usiku ule ule na yule anayerudi dukani kesho yake na kadi imeshakwanguliwa, namba inakataa, na pesa imeshakwenda.

Kwa wazazi wanaotumwa na watoto wao na hawajui wanachonunua, tueleze kidogo. Gemu hizi za wachawi, majoka na mapanga hazichezwi ukazimaliza. Ulimwengu wake uko kwenye seva za kampuni, watu wa nchi mbalimbali wamo humo usiku na mchana, na kampuni inatoza ada ya mwezi. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004, na ada yake kwa Marekani ni dola 14.99 kwa mwezi. Final Fantasy XIV ya Wajapani nayo ina ada yake. Mwenye kadi ya benki inayokubali malipo ya nje anajiunga, na kila mwezi pesa inajikata yenyewe. Huku kwetu wengi kadi hiyo hawana, au wanayo lakini malipo ya nje yamefungwa, au yamefunguliwa lakini mama mtu hataki kuiona kadi imeunganishwa na gemu. Hapo ndipo kadi ya muda inapofaa. Unalipa shilingi, unapewa namba, unaiingiza kwenye akaunti yako, siku zinaanza. Zikiisha, gemu inasimama na hakuna anayekukata senti. Shujaa wako na mali zake hubaki pale pale hadi utakaporudi.

Wateja wengi huifananisha na umeme wa tukuza, na kwenye kununua na kuingiza namba kweli vinafanana. Lakini ukizima taa, uniti zako zinakungoja. Siku za gemu hazingoji mtu. Ukishaingiza namba, kalenda inakwenda, ucheze usicheze. Umeme ukikatika mtaa mzima, siku inahesabiwa. Bando likiisha, inahesabiwa. Ukienda Wete kwenye harusi ukakaa wiki, zote zinahesabiwa. Kwa hiyo ukinunua kadi leo na mtihani wa skuli ni wiki ijayo, iache ikae. Namba ambayo hujaiingiza haipungui kitu. Vijana wanaocheza baada ya tarawehe mpaka daku wanalijua hili vizuri: wananunua Shaabani, wanaingiza Ramadhani ikishaandama.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kampuni zimeugawa ulimwengu mafungu. World of Warcraft ina fungu la Marekani, la Ulaya na la Asia, na kadi ya muda ya fungu moja haifungui jingine. Hata kama gemu ni ile ile, jina ni lile lile, na picha kwenye kadi haina tofauti hata nukta. Wateja wetu wengi hapa Unguja wanacheza Ulaya kwa sababu ndiko marafiki zao waliko, na mawasiliano ya huko ni mepesi kuliko ya Marekani. Tatizo ni kwamba sisi Wazanzibari tuna jamaa kila pembe ya dunia, na kila jamaa akija likizo anataka kuleta zawadi.

Alikuja dukani kijana, mjomba wake yuko Toronto, amemletea kadi ndani ya bahasha pamoja na saa na chokoleti. Ameikwangua kwa uangalifu, hata wino haujachubuka, ameingiza namba mara tatu. Inakataa. "Ami, hii feki?" Tukaishika, tukaigeuza nyuma. Si feki, mwanangu. Mjomba wako kaitoa Kanada, kwa hiyo ni ya fungu la Marekani, na wewe mashujaa wako wote wako Ulaya. Uso ulimshuka, lakini hakuwa amepoteza kitu: namba inayokataliwa kwa sababu ya fungu haijatumika, bado ni nzima. Tulimtafutia mchezaji mwenye akaunti ya Marekani, akamuuzia, na kwa pesa ile akachukua ya Ulaya. Angeipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada, kama wanavyofanya wengi, ingeliwa na mtu asiyemjua kabla hajamaliza kuandika "jamani mbona inagoma".

Namna ya kujua fungu lako ni rahisi. Fungua programu ya Battle.net, ile unayoingilia World of Warcraft. Karibu na kitufe cha kuanzia gemu kuna pahala pa kuchagua eneo: Americas, Europe, Asia. Badilisha uangalie. Pale unapowakuta mashujaa wako ndipo kadi yako inapotakiwa iwe. Piga picha ya skrini ututumie, basi, hutuelezi zaidi. Na ukimwagiza mjomba au shangazi aliye nje, mwandikie kabisa fungu gani, na mwambie atunze risiti. Kadi zinazoning'inia kwenye rafu za maduka ya Ulaya na Marekani hazina thamani mpaka mwenye duka azipitishe kwenye mashine wakati wa kulipa. Ikiwa mashine haikusoma, umeletewa kipande cha karatasi ngumu, na bila risiti hakuna wa kukusikiliza.

Kuna kosa la pili ambalo tunalikuta karibu kila Sikukuu, watoto wakishakusanya mkono wao wa Idi. Kadi ni za aina mbili. Moja ni ya muda: inaongeza siku, haina kazi nyingine. Ya pili ni ya salio: inaweka pesa kwenye akaunti, na kwa pesa hiyo unachagua mwenyewe, ununue siku, ununue mnyama wa kupanda, ununue toleo jipya. Ya salio ni nzuri ikiwa hujui utakachotaka, lakini sarafu yake lazima ilingane na sarafu ya akaunti. Salio la dola halitaingia kwenye akaunti ya yuro. Ya muda nayo hainunui toleo jipya la gemu. Mtoto anapokwambia "baba, nataka ile mpya iliyotoka", kadi ya muda peke yake haitamfikisha huko, na utasikia kilio nyumba nzima. Wale wa Classic, ile ya kizamani iliyorudishwa mwaka 2019, msinunue kadi mbili: siku zile zile zinafungua ya kisasa na ya kizamani katika fungu hilo hilo.

Kadi za Final Fantasy XIV tunazoleta ni za siku 60, na nazo zina mafungu yake. Kwa gemu hii tunawaambia watu jambo ambalo mwenye duka mwingine angelinyamazia: usinunue bado. Ina majaribio ya bure yasiyo na kikomo cha siku, unafika mpaka levo ya 70, na ndani yake mna hadithi ya kutosha kukuchukua miezi. Kuna vizuizi, kama kutokuuza na kununua sokoni humo ndani, lakini kwa anayeanza havimsumbui. Kumbuka tu kwamba ukishalipa na kuhama, kurudi kwenye majaribio kwa akaunti ile haiwezekani. Kwa hiyo maliza cha bure kwanza, ndipo uje kwetu. World of Warcraft nayo inakuruhusu bure mpaka levo ya 20. Tunapoteza kadi mbili tatu kwa kusema haya, si neno. Mtu aliyelipa na kuichoka gemu baada ya siku nne hutulaumu sisi, hailaumu gemu.

Kwa walio na simu tu, na Pemba ndio wengi, tunawashauri Old School RuneScape. Ilikuja kwenye simu mwaka 2018, akaunti ni moja kwa simu na kompyuta, na unaweza kucheza bure sehemu yake. Anayetaka kufungua sehemu ya kulipia, humo kuna hati inayoitwa Bond: mchezaji mmoja anainunua kwa pesa halisi, anamuuzia mwenzake kwa dhahabu ya ndani ya gemu, na huyo mwenzake ndiye anayepata siku 14. World of Warcraft waliingiza mpango kama huo mwaka 2015, wanauita Token, nao unatoa siku 30. Ukiwa hodari wa kuchuma dhahabu humo ndani, kadi yetu huihitaji. Tunawajua vijana wawili wa Michenzani waliokuwa wateja wetu wa kila mwezi, sasa wanapita dukani kununua chaja tu, na bado wanatutania.

Tuseme kuhusu bei, maana ndipo maneno mengi yanapotoka. "Mbona mtandaoni nimeiona nusu ya hiyo?" Umeiona, hatubishi. Namba nyingi za bei ya kutupa zinazouzwa na watu wasiojulikana zimenunuliwa kwa kadi za benki za wizi. Mwenye kadi akigundua, benki yake inairudisha pesa, na kampuni ya gemu inazifuta siku ulizopata. Mara nyingine inaifungia akaunti yenyewe. Anayeumia ni aliyeingiza namba, siye aliyeiuza. Umekaa miaka unamjenga shujaa wako, kisha unampoteza kwa kuokoa shilingi elfu chache. Bei yetu inapanda na kushuka na dola, tunaitaja kwa shilingi, na tukikwambia leo haimaanishi itakuwa hiyo wiki ijayo.

Ukipata kadi ya karatasi, usiikwangue kwa kisu wala sarafu yenye makali. Kucha inatosha. Herufi ikichubuka, huwezi kujua ni B au 8, ni O au sifuri, na hapo hatuna dawa. Namba inaingizwa kwenye ukurasa wa akaunti yako, si kwa mtu anayekuandikia ndani ya gemu akijiita mfanyakazi wa kampuni. Sisi wenyewe hatuhitaji paswedi yako. Akitokea anayejidai ametoka kwetu na kuiomba, huyo si wetu. Na kabla ya kulalamika Jumatano asubuhi kwamba kadi imekataa, angalia kwanza kama seva za Ulaya zimefungwa kwa matengenezo. Ndiyo siku yao.

Kadi ambayo haijakwanguliwa tunaibadilisha bila maneno. Iliyokwanguliwa haturudishi pesa, kwa sababu hatuna njia ya kujua nani mwingine ameiona namba. Isipokuwa jambo moja: ukiingiza kwa mara ya kwanza ukaambiwa namba imeshatumika, piga picha ya skrini saa ile ile, tarehe na saa zionekane, na ututumie. Tutamfuata aliyetuletea mzigo, na majibu utayapata kwetu, hatutakwambia "wapigie wao".

Kwa wa Unguja, duka liko Mlandege, tunafungua saa tatu asubuhi. Ijumaa tunafunga saa sita mpaka saa nane kwa ajili ya sala. Kwa wa Chake Chake, Wete na Mkoani, hakuna haja ya kungoja boti: lipa kwa simu, tuma picha ya fungu lako, namba utapelekewa kwa ujumbe. Tafadhali msitume pesa kabla hatujajibu kama ya fungu lako tunayo.