Risala ya wanawake wakurugenzi wa Lubumbashi walipomaliza mafunzo ya uongozi

Mheshimiwa Mama, mgeni wetu wa heshima, wakufunzi wetu, wakubwa wa kazi mlioturuhusu kuja, mama zetu, waume zetu na watoto wetu: jambo kwenu wote, na karibuni sana.

Mama, mbele yako tumekaa wanawake 22. Tunaongoza matawi ya benki, shule, zahanati, magari ya mizigo na ofisi za migodi. Kwa Jumamosi kumi tumekuja hapa, wengine toka Ruashi, wengine toka Katuba na Kampemba, na siku umeme ulipokatika tulihamishia viti chini ya mwembe tukaendelea.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Wanaume waliitwa migodini na viwandani. Wake zao walifundishwa kushona na kupika katika vituo vya jamii. Hatuidharau kazi hiyo, maana kuna kati yetu waliolipiwa shule na cherehani ya bibi. Lakini sheria nayo ilichelewa. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kutia saini mambo ya kisheria, na sharti hilo liliondolewa Julai 2016. Mkurugenzi wa miaka arobaini na mitano leo amelikuta akiwa tayari kazini! Katiba ya 2006, katika kifungu cha 14, inaahidi usawa, na mwaka 2024 nchi yetu ya Kongo ilipata Waziri Mkuu wa kwanza mwanamke, Mama Judith Suminwa Tuluka. Siku ile tulipigiana simu mpaka usiku.

Siku ya kwanza ya mafunzo kila mmoja alipewa dakika tano atetee bajeti ya idara yake. Mkufunzi alikaa nyuma na kalamu, akihesabu kimya. Mimi ninayesoma risala hii nilisema "munisamehe" mara nne kabla ya kutaja tarakimu ya kwanza. Kumbe tarakimu zangu zilikuwa sahihi zote. Nilikuwa naomba msamaha wa nini? Jumamosi ya mwisho tulirudia zoezi lile lile, na wengi tulianza na fedha moja kwa moja.

Tulijifunza pia kusoma mizania, kuendesha mkutano uishe kwa saa iliyopangwa, na kumwambia mfanyakazi kosa lake bila kumvunjia heshima. Lililotuuma zaidi ni kugawa kazi. Mkufunzi aliuliza: "Ukilazwa hospitali kesho, nani atatia saini?" Mwenzetu mmoja, ambaye kila jioni hubeba mafaili nyumbani, alilia. Sasa ana msaidizi anayeijua kazi.

Mama, tuna maombi. Waajiri wawaachie wanawake wasome siku za kazi, kwani Jumamosi ndiyo siku ya soko, ya matanga na ya watoto. Wakuu wa vitengo walio chini yetu nao wafikiwe, na si wa mjini tu: Likasi na Kolwezi wanatuuliza lini zamu yao. Na pale mabaraza ya uongozi ya makampuni yanapotafuta wajumbe, utaje majina yetu. Orodha tumeiambatanisha na risala hii.

Sisi kwa upande wetu tumeanza likelemba, yaani mchango wa pamoja, ya kulipia wenzetu watano kundi lijalo.

Tunakuomba upokee kitenge hiki toka mikononi mwa mkubwa wetu kwa umri, kisha utukabidhi vyeti.

Asante sana, Mama.