Barua kutoka Jutland, Denmark

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wote wa nyumbani. Mimi ni mzima.

Uliniuliza ng'ombe wa maziwa wa Denmark wana siri gani. Wapo weupe wenye mabaka meusi, wapo wekundu wa huku huku, na wa aina ya Jersey, wadogo wenye maziwa mazito. Lakini siri, kwa maoni yangu, haimo ndani ya mnyama. Imo katika kijiji cha Hjedding, magharibi mwa Jutland, ambako mwaka 1882 wafugaji walifungua kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika nchini humu.

Bei ya nafaka ilikuwa imeanguka, kwa kuwa ngano ya ng'ambo ilifurika Ulaya, na wakulima wakageukia siagi ya kuuza Uingereza. Mwenye shamba kubwa aliiweza. Mwenye ng'ombe wawili watatu alishindwa, maana maziwa yalitulizwa kwenye vyombo bapa hadi malai yapande juu, na malai yake machache yalichacha kabla hayajatosha kusukwa. Mashine ya kutenga malai kwa kuzungusha maziwa, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1870, ndiyo iliyowezesha maziwa ya mabanda mengi kuchanganywa na kusindikwa siku ile ile.

Mashine peke yake ingemnufaisha tajiri tu. Wale wa Hjedding waliahidi kuleta maziwa yao yote isipokuwa ya kunywa nyumbani, wakadhaminiana mkopo, wakagawana faida kwa kadiri ya maziwa ya kila mmoja, na kura ikawa moja kwa kila mtu, awe na ng'ombe wawili au hamsini. Hilo ndilo ninalolistahi kuliko roboti zote za kukamulia ninazoziona hapa leo. Gari la farasi lilipita alfajiri kukusanya madebe, kisha likayarudisha yakiwa na maziwa yaliyoenguliwa malai, ambayo nguruwe walinyweshwa, na nyama ya nguruwe hao nayo ikauzwa Uingereza.

Mwaka 1895, huko Vejen, mahali pengine pa Jutland, wafugaji walianzisha chama cha kupima maziwa: mpimaji alizunguka shamba kwa shamba, akapima maziwa ya kila ng'ombe na mafuta yaliyomo, hata ikajulikana nani anakula kuliko anavyotoa.

Tafadhali niandikie: katika ushirika wenu kura huhesabiwaje, na je, yupo anayepima maziwa ya kila ng'ombe, au mnapima debe tu?

Ni mimi rafiki yako