Risala ya Kamati ya Afya ya Parokia kwa Mgeni wa Heshima: Kutunzana Msimu wa Homa ya Mafua

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Afisa wa Afya ya Umma; Baba Paroko; masista na makatekista; viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wa CWA (chama cha akina mama Wakatoliki) na CMA (cha akina baba); waumini wote, Tumsifu Yesu Kristo.

Karibu sana parokiani kwetu. Kirusi cha homa ya mafua hupatikana nchini mwaka mzima, lakini hapa Nakuru, baridi ya Juni hadi Agosti hutufungisha madirisha na kutusongamanisha ndani, nacho kikapata njia rahisi. Tumeona heri tukueleze mapema tunavyojipanga, na mahali tunapohitaji mkono wako.

Kila msimu hutangazwa altareni kwamba mwenye homa abaki nyumbani. Tangazo ni la kweli, ila peke yake halimsaidii mtu. Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja kabla ya kuona dalili, na huendelea kwa siku tano hadi saba baadaye. Watoto na wenye kinga dhaifu huzidi hapo. Mama wa mboga pale mtaani Free Area hana wa kumlipa siku hizo. Nyanya zake zitaoza, kodi itamngoja, kwa hiyo siku ya tatu atajikaza arudi kibandani akikohoa mbele ya wateja. Tukitaka abaki kitandani, lazima jumuiya ibebe kile kinachomtoa kitandani.

Ndiyo maana tumeomba kila jumuiya iteue watu wawili. Wa kwanza ni wa miguu: asubuhi ile ile taarifa ifikapo, huichukua mboga isiyolala akaiuze au aigawe kwa wanajumuiya watakaoilipia, huteka maji, hupeleka watoto shuleni ikiwa hawana dalili, na huacha chakula mlangoni. Wa pili ni wa simu. Hupiga asubuhi na jioni, na haishii kwa “unaendeleaje?”, kwa sababu jibu la hilo ni “nashukuru Mungu” hata mtu akiwa taabani. Huuliza: umekunywa nini tangu asubuhi? Umekojoa mara ngapi? Unaweza kumaliza sentensi bila kutweta?

Kuna jambo gumu kulisema. Desturi yetu ya kumtembelea mgonjwa kwa wingi, watu kumi na tano katika chumba kimoja tukisali na kuimba, ni desturi njema ya upendo, lakini kwa ugonjwa huu ndiyo inayousambaza. Sala ya jumuiya ifanywe kwa simu hadi mgonjwa apone. Anayehitaji Mpako wa Wagonjwa asisubiri: aitwe padre, naye aingie amevaa barakoa na dirisha likiwa wazi.

Nyumbani, mtu mmoja tu amhudumie mgonjwa, na asiwe mjamzito, mzee, mwenye pumu au kisukari. Panadoli (parasetamoli) ya mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 hapewi zaidi ya miligramu 150 kwa mara moja. Kosa linalotutia hofu zaidi ni kuchanganya: vidonge vingi vya mafua vya dukani vina dawa hiyo hiyo ndani, kwa hiyo mtu anayemeza vyote viwili huzidisha kipimo bila kujua na kuumiza ini. Aspirini asipewe mtoto. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja. Antibiotiki haziui kirusi, tuache kuzinunua kwa kubahatisha. Na sufuria ya kujifukizia iwe mbali na watoto, kwani maji hayo yakimwagika huunguza vibaya.

Jiko la makaa lisilale chumbani. Gesi yake yenye sumu haionekani wala hainuki, nayo huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, dalili ambazo huchukuliwa kuwa ni mafua. Nyumba nzima ikiamka inaumwa kichwa kwa pamoja, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, shuku jiko. Toeni kila mtu nje kwanza.

Tena, likizo ya Agosti wengi wetu huenda nyumbani Kisumu, Busia, Siaya na Kakamega, ambako malaria ni nyingi kuliko huku juu. Aliyerudi kutoka huko akapata homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama anapiga chafya.

Tunawafundisha wateule wetu kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia, kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Anayebonyea kifua akivuta pumzi, anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyepata degedege apelekwe hospitali saa hiyo. Kwa mtu mzima, ogopeni kifua kuuma, kuchanganyikiwa, na homa iliyopoa kisha ikarudi kwa nguvu, kwani mara nyingi hiyo ni nimonia. Wajawazito, wazee, watoto wadogo na wenye maradhi sugu wasingoje hata dalili hizo, kwa sababu dawa ya kirusi chenyewe hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Tunawasaidia pia wasiosajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, wajisajili kwa *147# wakiwa wazima.

Kanisani, madirisha ya pande zote mbili yatafunguliwa, amani tutatakiana kwa kuinamisha kichwa, na kila mwanakwaya atakuja na maji yake. Kunawa ndiko kunakotusumbua. Tukikadiria nusu lita kwa mtu, mtungi wa lita 20 huisha baada ya watu 40, na Misa ya pili ikianza koki ni kavu na sabuni imekwisha.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu. Kwanza, tangi la lita 500 lenye koki nne. Kamati italijaza kila Jumamosi jioni na kununua sabuni. Pili, wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tayari wana vipimajoto, wapangiwe siku ya kuwafunza wateule wetu kabla ya Juni. Tatu, chanjo ya homa ya mafua. Haimo katika chanjo za kawaida za bure, na wengi hawajui waipate wapi wala kwa bei gani. Kinga yake huchukua takriban wiki mbili kujengeka, na mtoto wa chini ya miezi sita hachanjwi, hulindwa na chanjo ya mamake akiwa mjamzito. Tunaomba utusaidie kupata kituo kitakachowachanja wajawazito na wazee wetu kwa bei wanayoimudu. Ukumbi wa parokia uko tayari, na orodha ya majina tutakukabidhi leo.

Ni sisi, Kamati ya Afya ya Parokia, Nakuru.